Mafunzo Niliyopata Juu ya Rola

Rola za mazoezi ni silinda tatu ndani ya fremu: mbili nyuma, moja mbele. Gurudumu la nyuma huzungusha zile mbili, mkanda hupeleka mzunguko kwa ile ya mbele, na gurudumu la mbele nalo huzunguka. Baiskeli haishikwi na chochote. Nilizianza mvua za Aprili zilipoifanya barabara ya kwenda Ngong kuwa bahati nasibu.

1. Anzia mlangoni. Ziweke katikati ya miimo. Ukiyumba, bega linagusa mwimo, unajisukuma, unaendelea. Sebuleni kwenye meza ya kioo, hapana.

2. Kasi ndiyo usalama. Woga hukuambia "pole pole", na woga unadanganya. Baiskeli husimama wima kwa usukani kupinda kidogo kidogo, magurudumu yakirudi chini ya uzito wako. Ukienda taratibu lazima upinde sana, na rola hazina upana wa kukuvumilia. Kanyaga haraka, kwa gia isiyo nzito, utulie.

3. Sikiliza. Hili ndilo lililonifaa kuliko yote. Ukisukuma pedali kwa kishindo, mguu huu kisha ule, mlio wa rola hupanda na kushuka: vuuu-vu, vuuu-vu. Ukikanyaga duara zima, unabaki mvumo mmoja. Barabarani lami haikuambii kitu. Ukiukaba usukani, kishindo hicho huhamia mikononi na tairi la mbele huanza kuchora nyoka. Kwa hiyo viwiko vilegee, macho yawe ukutani, yasiwe kwenye tairi.

4. Ukitoka kwenye rola hurushwi dirishani, ingawa kila mgeni huuliza. Kinachokimbia ni magurudumu tu. Wewe umekaa palepale. Tairi likigusa sakafu, husimama karibu papo hapo. Utaangukia ubavu, basi.

5. Feni si anasa. Hakuna upepo, na jasho lenye chumvi hula bolti za usukani, kwa hiyo tandika taulo. Mwendesha baiskeli Eddy Merckx, kabla ya kuweka rekodi ya umbali wa saa moja huko Mexico City mwaka 1972 (kilomita 49.431), alifanya mazoezi kwenye rola akivuta hewa yenye oksijeni kidogo ili azoee mwinuko. Mimi hewa ya kawaida inanitosha kuhema.

6. Kunywa maji huja mwisho. Sogeza mkono mmoja katikati ya usukani kwanza, ndipo mwingine ushuke kwenye chupa. Usiitazame.