Kufundisha Faida na Hasara za Kutangaza Watu na Mambo

Mwalimu hutangaza kila siku, hata asipokusudia. Abandikapo ukutani jina la mtoto aliyeongoza, ametangaza. Amsimamishapo gwaridani asiye na sare, ametangaza vilevile. Hatuna budi basi kujua kutangaza hujenga nini na hubomoa nini, ndipo tuwafundishe watoto.

Faida. Mfano ulio wazi ni kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoendeshwa nchini Tanzania mwaka 1973. Kwa majuma 12 redio ilieleza namna ya kujikinga na maradhi kama malaria na kichocho, na watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vya kusikiliza. Lakini redio haikuachwa peke yake. Vikundi vilikuwa na viongozi waliofunzwa na vitabu vya kusoma. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Tangazo lilifuatwa na jembe.

Hasara. Jambo litangazwalo bila kazi ya kufuata huyazoesha masikio, na mbiu ya pili haisikilizwi. Tena, jambo lenye sauti kubwa huweza kulifunika lenye haja kubwa zaidi. Hasara iliyo nzito humpata mtu. Yatima akitajwa gwaridani ili achangiwe madaftari, atayapata. Lakini atapata pia jina asilolichagua, nalo litadumu hata madaftari yakiisha.

Njia ya kufundishia. Darasa la sita ligawanywe katika vikundi vya watoto watano watano. Kila kikundi kipewe habari mbili: "Kisima cha shule kimeharibika" na "Mwanafunzi mmoja hana viatu". Wajibu maswali manne: Nani atanufaika habari ikitangazwa? Nani aweza kuumia? Mhusika ameridhia? Kazi gani itafuata? Mwalimu asimtumie mtoto yeyote wa darasani kuwa mfano. Mwishowe watoto waongozwe kuona kwamba habari ya kisima yafaa kupigiwa mbiu kijiji kizima, na ya viatu yafaa kufikishwa kwa faragha kwa mwalimu awezaye kusaidia.

Zoezi. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, kila mwanachuo aandike matangazo yote atakayoyasikia gwaridani kwa juma moja, ayapime kwa maswali hayo manne, na aeleze ni yapi yangefaa kusemwa faraghani.