Ukaguzi wa Programu za Kompyuta na Usahihishaji wa Madaftari

1. Utangulizi

Mwalimu mtarajiwa aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hugundua upesi kwamba mzigo wake mkubwa ni mrundo wa madaftari uliopo mezani. Huweka vyema na makosa, huandika jumla na tarehe, kisha huyarudisha. Mtoto hutazama jumla, hufunga daftari, na kosa la jana hulirudia kesho. Tukiuliza usahihishaji huo umemfunza nini mtoto, aghalabu hatupati jibu.

Madhumuni ya makala haya ni kutazama watu wengine ambao kazi yao ya kila siku ni kusahihisha: wale wanaokagua viendeshi vipya vya kiini cha Linux. Kwao kosa likipita, mashine za watu wengi huweza kusimama. Kwa sababu hiyo wamejiwekea utaratibu ambao mwalimu anaweza kuazima kitu kutoka kwake.

2. Maana ya maneno

Kiini ni ile programu ya msingi inayoongoza kompyuta. Hugawa kumbukumbu, huamua programu ipi ipate zamu, na husimama kati ya programu na vifaa. Kiendeshi ni sehemu inayokiwezesha kiini kuwasiliana na kifaa fulani, kama vile kamera, kipanya au kipimajoto.

Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari ipatayo 10,000. Leo mistari imepita milioni 30, na zaidi ya nusu yake ni viendeshi. Simu za Android hutumia kiini hicho, hivyo huenda msomaji anacho mfukoni.

Programu ya kawaida ikikosea, aghalabu huanguka peke yake. Viendeshi vingi, kwa upande mwingine, hufanya kazi ndani ya kiini chenyewe. Kimoja kikikosea chaweza kuiangusha mashine nzima, au kumwachia mwizi mlango wazi.

3. Utaratibu wa ukaguzi

Mwandishi wa kiendeshi kipya hatakiwi kuleta mabadiliko yake yote kama gunia moja. Huyagawa katika vipande, kila kipande kikiwa na badiliko moja linaloeleweka, pamoja na maelezo ya tatizo na sababu ya kulitatua kwa njia hiyo. Kabla ya kuvituma, huvipitisha katika programu ndogo inayochunguza umbo la maandishi: nafasi, urefu wa mistari na mpangilio. Hivyo macho ya mkaguzi hubakia kwa mambo yanayohitaji fikra za mtu.

Miongoni mwa maswali anayojiuliza mkaguzi ni haya:

(a) Je, ipo haja? Pengine kiendeshi kilichopo chatosha kwa kuongezewa mistari michache.

(b) Je, kila kilichochukuliwa hurudishwa, hata pale kazi inaposhindikana katikati?

(c) Je, kiendeshi huamini ovyo namba zitokazo nje? Programu ikidai kuleta herufi 5,000 mahali palipotengewa 64, ni lazima ikataliwe.

(d) Je, kiendeshi husubiri mahali pasiporuhusiwa kusubiri? Kifaa kinapoita, kiini huacha kazi nyingine ili kukijibu. Kiendeshi kikilala hapo, mashine yaweza kukwama.

4. Mfano

Tuchukue kiendeshi cha kipimajoto. Kinapoanza kazi huchukua hatua tatu. Kwanza huomba kumbukumbu ya kuhifadhi vipimo. Pili hujiandikisha kupokea miito ya kifaa. Tatu hukitangaza kifaa kwa programu nyingine. Mwandishi ameagiza kwamba hatua ya tatu ikishindwa, kiendeshi kitoe taarifa ya kosa na kuondoka. Hakuagiza chochote kuhusu vitu vilivyochukuliwa katika hatua mbili za mwanzo.

Mwandishi amekijaribu mezani kwake mara nyingi, nacho kimefanya kazi vizuri, kwa kuwa hatua ya tatu haishindwi ila kwa nadra. Lakini siku itakaposhindwa, kumbukumbu itapotea, na kifaa kitaendelea kumwita mtu ambaye ameshaondoka. Majaribio hayakulionyesha kosa hili. Hufichuliwa na msomaji anayeufuata kila mstari akiuliza, "Na hapa pakishindikana, je?"

Mkaguzi angeweza kuandika, "Kazi mbovu, rudia." Maneno hayo hayamwonyeshi mwandishi mahali wala sababu. Mkaguzi mwema huandika chini ya mstari wenyewe: "Hatua ya tatu ikishindwa, miito na kumbukumbu havirudishwi. Virudishe kwa mpangilio wa kinyume: kilichochukuliwa mwisho kirudishwe kwanza."

Hapo ndipo ukaguzi unapoanza hasa. Mwandishi hurekebisha na kutuma toleo la pili, akieleza lilivyotofautiana na la kwanza. Mkaguzi hulisoma tena. Toleo la tano si ajabu, wala si aibu. Akiridhika, mkaguzi hutia jina lake. Maana yake ni kwamba ameisoma kazi, ameeleza mashaka yake, na ameridhishwa na majibu, ingawa haapi kwamba kazi haina kasoro. Jina hilo hubaki katika kumbukumbu za mradi.

5. Kazi changa na lugha ya mkaguzi

Mwaka 2008 Greg Kroah-Hartman alianzisha sehemu maalumu ndani ya Linux kwa viendeshi ambavyo havijafikia kiwango. Kiendeshi hupokelewa humo pamoja na orodha ya mambo yanayosalia kutengenezwa. Kikitengenezwa huhamishiwa mahali pake. Kikiachwa bila maendeleo huweza kuondolewa. Kwa hiyo kazi changa hupewa nafasi bila ya kuitwa kamili.

Lugha nayo ina uzito. Kwa miaka mingi Torvalds alijulikana kwa majibu makali mno. Mwezi Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za mwenendo. Kiwango cha kazi hakikushushwa kwa ajili hiyo. Twaona basi kwamba ukali juu ya kosa na heshima kwa mkosaji huweza kukaa pamoja.

6. Matumizi darasani

Mtoto wa shule ya msingi amepewa 402 − 178, naye ameandika 376. Tukifuata hatua zake twaona kwamba katika kila safu ametoa namba ndogo kutoka kubwa. Jana mtoto huyo huyo alipata 586 − 243 = 343, akawekewa vyema. Kosa lilikuwapo tangu jana, ila swali jepesi halikulifichua, sawa na hatua ya tatu ya kipimajoto chetu.

Kuandika "0" hakutoshi. Mwalimu aandike: "Tazama mamoja. Hapa tunatoa 8 katika 2. Makumi hayana kitu, anza kuazima kwenye mamia." Mtoto arudie chini ya jibu la kwanza bila kulifuta, na mwalimu alisome jibu la pili kabla ya kutia sahihi. Jibu likiwa 224, basi kazi imekwisha.

Mwenye watoto themanini atauliza muda utatoka wapi. Twashauri mambo mawili. Kwanza, watoto wakaguane umbo la kazi wawili wawili kabla ya kukusanya: tarehe, namba za maswali, safu zilizonyooka. Pili, mwalimu achague kosa moja lililo kubwa katika daftari na aandike juu ya hilo tu. Neno moja litakalosomwa tena ni bora kuliko vyema kumi zilizowekwa bila kusoma.

Hata hivyo mfano wetu una mpaka. Mwandishi wa kiendeshi ni mtu aliyekubali kazi yake ijadiliwe mbele ya wote. Mtoto hakukubali hivyo. Kosa lake tumweleze yeye, wala tusilitangaze darasani kwa jina lake.

7. Maswali ya majadiliano

1. Tunga maswali mawili ya kutoa: moja litakalolificha kosa lililoelezwa hapo juu, na moja litakalolifichua.

2. Chukua daftari moja ulilolisahihisha. Ni maoni yako mangapi yanayoonyesha mahali, sababu na hatua inayofuata?

3. Sahihi ya mwalimu chini ya zoezi inashuhudia nini?