KAZI ILE ILE KILA SIKU, NA NIYA YAKE

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zangu Waislamu, wengi wetu kazi yetu ya leo ndiyo ya jana, na ya jana ndiyo ya juzi. Karani huandika hati za mizigo. Mwenye duka hupima unga na sukari. Mshoni hushona kanzu. Mchukuzi hutua gunia akarejea kuchukua jingine. Mwanzo mtu huifanya kazi kwa furaha. Miaka ikipita, moyo huchoka kabla ya mikono, na kazi hufanywa ilimradi imekwisha. Nataka tusemezane juu ya maradhi haya, kwa kuwa mimi nami yamenipata.

Nimesomesha chuoni zaidi ya miaka 30. Kila mwaka huja watoto wapya na mbao zao, nami huanza nao alifu, na be, na te. Ukanifikia wakati nikawa nawasikiliza kwa sikio moja. Kijana mmoja alikuwa akiisoma dhwadi ya neno la mwisho la Fatiha kama dhaa. Nilimsikia nikanyamaza, kwani jua lilikuwa kali, na herufi hiyo nimekwisha kuisahihisha mara zisizo idadi. Akahitimu, akaenda zake. Baada ya miaka mingi nilisali nyuma yake, naye ndiye imamu, nikaisikia dhwadi ile kama nilivyoiacha. Na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja katika Minhaji ya kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba mwenye kubadili dhwadi kwa dhaa, kisomo chake cha neno hilo hakisihi.

Sikumlaumu yeye. Nilimwita faraghani, nikamweleza kosa na mwenye kosa, tukakaa pamoja siku kadhaa hata ulimi wake ukashika. Walakini wale waliosali nyuma yake miaka yote hiyo, nani atawakusanya? Hapo nikafahamu jambo nililokuwa nimeghafilika nalo: herufi ile kwangu ilikuwa ya mara ya elfu, bali kwake ilikuwa ya mara ya kwanza. Na kila kazi ni hivyo. Karani ameandika hati nyingi, lakini mwenye mzigo ana mzigo mmoja tu. Mshoni ameshona kanzu mia, lakini bwana arusi anaingojea moja.

Utasema: Nifanyeje, nami moyo umechoka? Nakujibu: tazama sala yako. Kila siku wasali rakaa 17 za faradhi, na katika kila rakaa wasoma Fatiha. Hakuna kazi irudiwayo kuliko hiyo. Na madhehebu yetu ya Shafii yataka niya iwe pamoja na takbiri ya kuhirimia. Niya ya adhuhuri ya jana haitoshi adhuhuri ya leo. Kadhalika funga ya Ramadhani: kwetu sisi kila usiku una niya yake. Ndiyo kusema, amali irudiwayo yataka niya irudiwayo. Nasi kazi zetu tulizitilia niya siku ya kwanza tulipoajiriwa, kisha tukaiacha ikachakaa.

Basi shika mambo manne.

Kwanza, utokapo nyumbani asubuhi tia niya upya: ya kuwa waenda kutafuta halali, uwalishe mke na watoto, na chakula chao ni wajibu juu yako. Kwa niya hiyo hatua zako za kwenda kazini huwa ibada.

Pili, kumbuka kuwa ajiri ni mwaminiwa. Saa ulizoziuza si zako. Ama wakati wa sala za faradhi na sunna zake, huo wanavyuoni wetu wameutoa katika mapatano ya ijara, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Usizuiliwe sala, nawe usiifanye sala kuwa kisingizio cha kukaa barazani.

Tatu, kila siku tengeneza jambo moja dogo kuliko jana: mwandiko usomeke, mizani isafishwe, mteja ajibiwe kwa uso mkunjufu. Mtume wetu ametufundisha ya kuwa amali ipendezayo mno kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa ni kidogo.

Nne, upumzishe mwili, kwani una haki juu yako. Uchovu mwengine dawa yake ni usingizi, si mawaidha.

Wala sisemi kuwa mtu afungwe na kazi moja maisha yake. Ikiwa ni ya haramu, iache. Ikiwa ni ya halali nawe wapata iliyo bora, nenda kwa heri. Lakini madamu umo ndani yake, ifanye kwa uzuri.

Nami kila asubuhi, mtoto akikaa mbele yangu na ubao wake, hujiambia: huyu hajapata kuisikia alifu. Ndipo humsomesha.

Mwenyezi Mungu atujaalie niya njema katika kazi zetu, na atusamehe tuliyoyapuuza. Amin.