Kuchagua Chuo: Mafunzo katika Safari ya Imamu Nawawi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Watu wa pwani tangu kale hulitumia neno chuo kwa maana mbili: kitabu, na mahali pa kusomea, na mtu wa ilimu huitwa mwanachuoni. Leo maana yake imepanuka, hata mahali pa kujifunza uhandisi na uuguzi pia ni chuo. Basi kuchagua kumekuwa jambo zito. Mzazi akikosea hupoteza viwili, fedha na miaka ya kijana. Fedha huenda ikarudi, ama miaka hairudi.

Swali: Chuo huchaguliwa kwa lipi? Kwa jina lake, kwa jengo lake, au kwa kuwa mwana wa jirani amekwenda huko?

Jawabu: Huchaguliwa kwa mambo matatu: mwalimu, riziki ya mwanafunzi, na kufaa kwake. Mfano wake umo katika khabari za Imamu Nawawi, mwenye kitabu cha Minhaji.

Alizaliwa katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Sham, mwaka 631 wa Hijra (1233). Babake alimweka dukani, lakini moyo wa mtoto haukuwa katika kuuza na kununua, bali katika Kur'ani. Babake aliliona hilo, na mwaka 649 (1251) akampeleka Damascus, umri wake yapata miaka 19.

Jambo la kwanza, mwalimu. Huko kijana hakuuliza ni madrasa ipi iliyo kubwa. Alipelekwa kwa Sheikh Taju-ddin al-Fazari, aitwaye Ibnul-Firkah, akaanza kusoma kwake. Kisha akahitaji mahali pa kukaa, na madrasa ya sheikh huyo haikuwa na vyumba. Sheikh hakumzuilia ili apate mwanafunzi mmoja zaidi. Alimwelekeza kwa Sheikh Kamalu-ddin Is'haq al-Maghribi katika Madrasa ya Rawahiya. Hii ndiyo alama ya mwalimu mwema: humtakia mwanafunzi lililo la kheri kwake, japo liko kwa mwingine. Chuo kinachomkubali kila ajaye mwenye ada, pasi na kumuuliza alichokisoma, chapasa kuchunguzwa.

Jambo la pili, riziki. Nawawi alikaa katika chumba cha Rawahiya, na chakula chake kilikuwa posho ya madrasa. Kwa utulivu huo alihifadhi kitabu cha Tanbihi kwa muda wa miezi 4 na nusu hivi. Mwenye njaa hasomi, wala hasomi mwenye kudaiwa. Basi mzazi ahesabu gharama zote hata mwaka wa mwisho, si ada ya kuanzia tu. Wala asiingie katika riba. Na shamba la minazi lisilogawanywa bado lina mafungu ya mabinti. Kuliuza kwa ajili ya masomo ya ndugu yao mmoja, bila ya ridhaa yao, ni dhulma, na dhulma haiwi msingi wa ilimu.

Jambo la tatu, kufaa. Nawawi aliwahi kuazimia kusoma utabibu, akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibnu Sina. Moyo wake ukaingia kiza, akapita siku kadha hawezi kushughulika na lolote. Alipotambua sababu alikiuza kitabu, na hali yake ikarejea.

Tanbihi: Mtu asidhani kuwa utabibu una aibu. Imamu Ghazali katika Ihya ameuhesabu pamoja na hisabu katika fardhi kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliojisonga katika fikihi na miji yao haina tabibu Muislamu. Na Minhaji yenyewe, katika Kitabu cha Siyar, imezitaja kazi za mikono kuwa ni fardhi kifaya. Maana ya kisa ni kuwa kila mtu ana mlango wake. Kijana ambaye moyo wake uko katika utabibu, kumlazimisha ukadhi ni kosa lile lile la kumlazimisha biashara aliyeumbiwa ilimu ya dini. Ama fardhi ain, yaani itikadi, tohara, sala na mfano wa hayo, haina hiari. Itangulie chuo chochote.

Basi kabla ya kulipa, mzazi aende mwenyewe au atume mwaminifu, aulize: Walimu ni nani, na wao walisoma kwa nani? Waliotoka humo miaka mitatu nyuma, leo wako wapi? Cheti chake chakubaliwa na serikali? Wakati wa sala hupewa nafasi? Kisha ashauriane na wajuzi, amsikilize na kijana, ndipo isaliwe istikhara. Kwani istikhara huja pamoja na kuuliza, si badala ya kuuliza.

Imamu Nawawi alifariki Nawa mwaka 676 (1277), naye hajatimiza miaka 46. Kitabu chake husomwa hata leo katika darasa za pwani. Kheri hiyo ilipitia kwa mzazi aliyeutazama moyo wa mwanawe, na kwa sheikh aliyekiri kuwa kwake hakuna nafasi.

Wallahu aalam.