SOMO LA VIKUNDI: Sanduku la Vifaa Linalotembea Shuleni

Katika jarida letu tumezoea kuzungumza juu ya ng'ombe wa maziwa, chemchemi za maji na mchango wa kuzunguka. Leo tunawaomba muingie darasani, katika ile shule ya msingi iliyo karibu nanyi. Mnaweza kusema, "Hiyo ni kazi ya Serikali na walimu." Ni kweli, lakini watoto ni wetu.

MALENGO YA SOMO

Mkimaliza somo hili, kikundi chenu kiweze:
1. Kutambua vifaa vya kufundishia vilivyo kijijini na vilivyofungiwa.
2. Kujua ni mlango upi wa kubisha mkitafuta vingine.
3. Kuanzisha sanduku la vifaa ambalo shule 2 au 3 zinatumia kwa zamu.

SOMENI KWANZA

Fungueni Mathayo 25:14-30. Mtazameni yule mtumishi wa tatu. Hakuiba talanta ya bwana wake, wala hakuila. Aliifukia ardhini kwa sababu aliogopa. Wekeni hilo neno "aliogopa" akilini, maana tutalirudia.

HALI TULIYOIONA

Tulitembelea shule moja katika kaunti yetu ya Kakamega, ambayo hatutaitaja jina. Katika darasa la gredi ya 3 mwalimu alikuwa na chaki na ubao tu. Watoto wanne walikuwa wameinamia kitabu kimoja, na yule wa pembeni alikuwa anasoma maneno kichwa chini. Baadaye tulipelekwa ofisini. Kabati lilipofunguliwa tukaona vitabu vya hadithi vikiwa bado na karatasi yake ya dukani, na ramani ya Kenya ambayo haijawahi kukunjuliwa.

Tuliuliza kwa upole, "Mbona hivi haviendi darasani?" Mwalimu aliyekuwa na ufunguo akatujibu bila kuficha, "Kimoja kikipotea, ni mimi nitaambiwa nilipe."

Hatukumlaumu. Wewe ungefanya nini? Lakini kitabu kinacholala kabatini mwaka mzima hakimfundishi mtoto yeyote, hata kama hakijapotea.

Katika shule nyingine tulikutana na jambo la pili. Mwalimu kijana alikuwa amejaza ukuta kwa chati nzuri sana, zote kwa pesa yake mwenyewe. Alipohamishwa, alizibandua akaenda nazo. Zilikuwa mali yake. Mwalimu aliyemfuata akaanza tena na ukuta mtupu.

Basi shida yetu ni zaidi ya uhaba. Hata vile vichache vilivyopo vinafungwa kwa hofu au vinahama na mwenyewe.

TUMETOKA WAPI?

Wazee wetu walijenga madarasa mengi kwa harambee. Januari 2003 Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi, ilianza kutuma shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na 650 kati ya hizo zilikuwa za vitabu na vifaa vya kufundishia. Tangu 2018 Serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada yenyewe na kuvipeleka shuleni. Tunashukuru kwa hayo.

Lakini kitabu cha kiada peke yake hakitoshi. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, unataka mtoto ashike, apime, ahesabu na atengeneze. Mzazi anaambiwa alete hiki, kesho alete kile, na nyumbani hakuna kitu. Kila mzazi akihangaika peke yake, wengi watashindwa. Hapa ndipo kikundi kinaweza kusaidia.

WAPI PA KUTAFUTA

Msianze kwa kuandika barua ya kuomba ufadhili. Anzeni karibu.

a) Ndani ya shule yenyewe. Muombeni mwalimu mkuu, kwa heshima, mhesabu pamoja vilivyo kabatini. Mara nyingi nusu ya mnachotafuta kiko hapo.

b) Kituo cha walimu cha zoni, ile TAC. Vituo hivi vilianzishwa ili walimu wakutane, watengeneze vifaa na waazimane. Wale tuliowaita tyuta wa TAC siku hizi wanaitwa CSO, nao wako chini ya TSC. Kazi yao ni kumsaidia mwalimu darasani, kwa hivyo msiogope kuwafikia.

c) Serikali ya kaunti. Watu wengi wanabisha mlango usio wao. Chekechea, yaani PP1 na PP2, iko chini ya kaunti. Kuanzia gredi ya 1 ni Wizara ya Elimu, na mwajiri wa walimu ni TSC. Ukipeleka ombi la gredi ya 2 kwa ofisi ya chekechea, utazungushwa bure.

d) Maktaba ya umma mjini Kakamega. Ulizeni masharti ya shule au kikundi kuazima vitabu vya watoto.

e) Simu ya mkononi. KICD, iliyokuwa ikiitwa KIE hadi 2013, ina masomo kwenye intaneti. Mradi wa African Storybook pia una hadithi fupi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, zikiwemo baadhi za Kiluhya, na unaruhusu mtu kuzichapisha bure. Mtu mmoja mwenye simu nzuri anaweza kuchapisha hadithi 5 mjini zikatumiwa na shule 3.

f) Nyanya zetu. Watoto wa madarasa ya chini wanapaswa kufundishwa kwa lugha ya eneo lao, lakini vitabu vya Lwisukha, Lwidakho au Lukabaras ni vichache sana. Hadithi ziko vichwani mwa wazee. Alikeni nyanya mmoja asimulie, kijana aandike, mtoto achore picha. Hicho tayari ni kitabu cha kusoma.

VIFAA VYA KUTENGENEZA WENYEWE

Chati ya gunia. Chukueni gunia jeupe la sukari, mlifue, mlikate wima na kuandika kwa kalamu ya wino mzito usiofutika. Haichaniki kama karatasi ya manila, na ikichafuka unaipangusa. Inakunjwa kama mkeka.

Vizibo vya soda. Toboeni vizibo 10 na kuvitia kwenye waya: hiyo ni kumi moja. Nyaya 10 zikifungwa pamoja ni mia. Mtoto anayechanganyikiwa na mamoja, makumi na mamia ataelewa akishika kwa mkono. Gongeni kingo za vizibo kwa nyundo zisikate vidole.

Chupa za plastiki. Chupa 2 za nusu lita zinajaza moja ya lita. Acheni watoto wamimine maji wenyewe.

Udongo wa mfinyanzi. Akina mama wa Ilesi wanajua udongo mzuri uko wapi. Watoto watengeneze herufi, maumbo na wanyama.

TAHADHARI: Msitumie mbegu za mbarika kwa kuhesabia. Zina sumu kali, na mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni. Pia msitumie chupa iliyowekwa dawa ya mifugo au ya shamba, hata ikioshwa mara ngapi.

SANDUKU LENYEWE

Mnajua mchango wa kuzunguka unavyofanya kazi. Leo pesa ni za mama huyu, wiki ijayo za yule, na hakuna anayebaki nyuma. Sanduku la vifaa ni hivyo hivyo.

Chagueni shule 3 zilizo karibu, ambazo mtu anaweza kwenda kwa miguu au kwa bodaboda. Tafuteni sanduku la bati au la mbao. Kila shule ikae nalo wiki 2, halafu lihame siku ya Ijumaa. Kwa wiki 12 kila shule itakuwa imelipata mara 2. Mwalimu anajua tarehe mapema, kwa hivyo anapanga somo lake la vipimo au la kusoma liangukie wiki hizo.

Gharama si kubwa. Tuseme kikundi kina watu 20, na kila mtu anatoa shilingi 10 kwa wiki. Hizo ni 200. Kwa wiki 12 mna 2,400. Tengeni sehemu moja ya kumi, yaani 240, kwa ajili ya kurekebisha na kubadilisha vilivyoharibika. Hiyo 240 msiiguse kwa jambo lingine.

Muwe na daftari moja linalokaa ndani ya sanduku. Lina safu 4: jina la kifaa, idadi, hali yake, na sahihi za anayetoa na anayepokea. Mnahesabu mbele ya wote wawili, kisha mnatia sahihi.

KANUNI INAYOONDOA HOFU

Sasa turudi kwa yule mtumishi. Watumishi wengine wanaogopa kwa sababu wanajua wataadhibiwa hata kwa ajali. Kwa hivyo kikundi, walimu wakuu na bodi za shule wakubaliane tangu mwanzo, na iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari:

1. Kifaa kilichochakaa kwa kutumiwa na watoto hakilipwi na mtu yeyote. Kinarekebishwa kwa ile akiba.
2. Kilichopotea kinaandikwa siku hiyo hiyo. Anayesema mapema asikemewe.
3. Kilichochukuliwa nyumbani au kuuzwa kinarudishwa au kulipwa na aliyekichukua.
4. Kilichonunuliwa na kikundi ni cha sanduku. Mwalimu akihama, kinabaki.

Kanuni ya kwanza ndiyo kubwa. Mwaka ukiisha na vitabu viko vipya kabisa, msishangilie. Ulizeni kwa nini.

TULIVYOKOSEA SISI

Tusijifanye wajuaji. Sanduku letu la kwanza tulilitia kufuli, na ufunguo tukampa mwenyekiti peke yake, kwa heshima. Akaitwa Nairobi kwenye msiba. Akakaa huko mwezi mzima, na ufunguo mfukoni. Sanduku likakaa shuleni likitazamwa kama jeneza. Tuliwalaumu walimu kwa kufungia vitabu, na sisi tukafanya yale yale! Siku hizi funguo ni 2: mmoja kwa mwalimu wa zamu, mwingine kwa katibu wa kikundi.

Kosa la pili: tulitengeneza chati kabla ya kuwauliza walimu. Nyingine zilikuwa za mambo ambayo hawakuwa wanafundisha muhula huo. Ulizeni kwanza, ndipo mkate gunia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, ni kitu gani kizuri kimefungiwa kwa sababu mtu anaogopa kulipa? Je, ni shuleni tu, au hata kanisani na katika kikundi chetu?
2. Kati yetu ni nani fundi seremala, nani mshonaji, nani anajua hadithi za zamani?
3. Ni shule zipi 3 tunaweza kuanza nazo, na nani ataongea na walimu wakuu?
4. Kanuni ya kwanza inaweza kutumiwa vibaya namna gani, na tutazuiaje?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mtu alete vizibo 10 na gunia 1 lililofuliwa. Watu 3 watembelee shule 1, wasiende kukagua, waende kuuliza swali hili tu: "Mwalimu, ni somo gani linalokushinda kufundisha kwa kukosa kifaa?" Waandike jibu kama lilivyosemwa. Jibu hilo ndilo litakalowaambia kitu cha kwanza cha kutia sandukuni.