Kuchagua Programu ya Kusomea PDF katika Kompyuta za Ofisi

Swali la mfano: Ofisi ya uhasibu ina kompyuta 40 za Windows zinazosimamiwa kutoka kwenye seva moja. Wafanyakazi hawaruhusiwi kusakinisha programu. Pendekeza programu ya kusomea PDF itakayotumika badala ya Adobe Acrobat Reader. Toa sababu. (alama 8)

Watahiniwa wengi hukimbilia kutaja jina la programu, kisha huandika "ni rahisi na ni ya bure". Jibu hilo lingefaa kompyuta ya nyumbani. Neno linalobeba alama hapa ni "zinazosimamiwa": anayeamua ni msimamizi wa mfumo, na uamuzi wake mmoja unagusa mashine zote 40.

Anza na uhuru wa kubadilisha. PDF ilibuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, lakini tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Kwa hiyo mtengenezaji yeyote anaweza kuunda programu ya kuifungua. Hata vivinjari kama Firefox, Chrome na Edge huisoma.

Kisha uliza wafanyakazi wanafanya nini na faili hizo. Hapa ndipo wengi hupotea. SumatraPDF ni programu huria, ndogo na nyepesi, na huifaa sana kompyuta kuukuu. Hata hivyo, imeundwa kwa kusoma na kuchapisha. Mhasibu anayetakiwa kujaza fomu na kutia sahihi ya kidijitali ataishiwa kazi saa nne asubuhi. Foxit hutoa huduma nyingi zaidi, lakini si programu huria: msimbo wake umefungwa, na leseni yake isomwe kabla ya kuisambaza ofisini.

Usalama una alama zake. Faili ya PDF inaweza kubeba hati za JavaScript, na wahalifu hutuma faili kama hizo kwa barua pepe zikijifanya ankara. Programu isiyotekeleza hati hizo, au inayomruhusu msimamizi kuzizima, hupunguza hatari. Masasisho nayo yaweze kusambazwa kutoka kwenye seva. Msimamizi hatazunguka meza 40 na diski mkononi.

Jibu lenye nguvu lingesomeka hivi: "Wafanyakazi wanaosoma tu wapewe SumatraPDF, kwa kuwa ni nyepesi na msimamizi anaweza kuizuia isitumie intaneti. Wachache wanaotia sahihi wabaki na programu yenye huduma hiyo. Programu ijaribiwe kwanza katika kompyuta chache kwa kutumia fomu halisi za ofisi, kisha isambazwe na kuwekwa kuwa programu-msingi ya kufungulia PDF."

Unaona kwamba jibu limetaja programu mbili. Swali halikukataza, mradi kila moja ina sababu yake.

Zoezi: Shule ina maktaba yenye kompyuta 12 za Linux. Je, ungependekeza Okular au kivinjari pekee? Fafanua. (alama 6)