Hongo na Mwanafunzi wa Biashara

Ndugu msomaji, tuwafikirie vijana wawili waliosoma biashara katika chuo kikuu mwaka 1990, mmoja Marekani na mwingine Ujerumani. Wa kwanza aliikuta sheria ya nchi yake ya mwaka 1977, ikataazayo kumhonga afisa wa serikali ya kigeni. Wa pili alikuta ya kwamba hongo iliyotolewa ng'ambo yaweza kuhesabiwa kuwa gharama ya biashara, na mtoaji akapunguziwa kodi. Ujerumani iliifuta ruhusa hiyo mwaka 1999.

Je, hongo ilikuwa njema jana, ikawa mbaya leo? La! Iliyogeuka ni sheria. Dhuluma ni ile ile, na maskini aliyejengewa barabara mbovu kwa bei ya nzuri ni yule yule.

Mwaka 2009 wanafunzi wa biashara waliokuwa wakihitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard walitunga kiapo cha uaminifu kazini. Hilo ni jambo jema. Lakini kiapo hutamkwa mbele ya watu, na daftari la hesabu huandikwa faraghani.

Basi, wewe usomaye biashara, usiulize tu, "Sheria yasemaje?" Jiulize pia, "Ni nani niliyemdhulumu?" Naye Mwenyezi Mungu, ajuaye ya siri, ndiye shahidi wa jibu lako.